Kumsemea Aliye Hai

Osoro wa Nyansiongo hakuwahi kumsema maiti vibaya, na hilo ndilo lililompa jina. Kutoka mashamba ya Borabu hadi mjini Nyamira, familia ikifiwa ilitafuta jeneza, ikatafuta hema, kisha ikamtafuta Osoro aje asimame upande wa wafiwa. Shule aliiachia darasa la sita, lakini ukimpa kipaza sauti ungedhani alikinunua yeye. Alisalimia wachungaji, akasalimia wakwe, akawasalimia hata waliosimama juani kwa kukosa viti. Mlevi aliyelala kila mtaro wa kijiji alitoka mdomoni mwake akiwa mtu mpole, mpenda kwaya, asiyegombana na mtu. Wajane walicheka huku wakilia. Hakuna aliyewahi kumwambia ni sehemu gani haikuwa nzuri.

Sasa alikuwa na hotuba kuhusu mtu wa nyumbani kwake mwenyewe, tena mzima wa afya. Binti yake Beverlyne, wa kidato cha nne, alikuwa amerudishwa kutoka shule ya bweni karibu na Sironga pamoja na sanduku lake na godoro lake. Alimwaga maharagwe kwenye sakafu ya bwalo, wasichana wengine wakafuata, na shule ikaliita jambo hilo uchochezi. Jumatatu alitakiwa mbele ya bodi pamoja na wazazi. Kila mzazi apewe nafasi ya kusema, msichana naye aseme, kisha bodi iamue: arudi darasani au atafute shule nyingine.

Shule nyingine haikuwepo. Beverlyne alikuwa amesajiliwa kufanyia mtihani wa mwisho pale pale, na hakuna mwalimu mkuu ambaye angefungua lango kwa msichana wa kidato cha nne aliyefukuzwa kwa uchochezi. Akikosa pale, amekosa mwaka. Na msichana akikaa nyumbani mwaka mzima, watu humtafutia kazi ya kufanya, na kazi ya kwanza wanayoifikiria ni kuolewa.

Jumapili asubuhi, baada ya kukamua, Osoro aliijaribu hotuba yake pale wanapopeleka maziwa. Wanaume walikuwa wameegemea baiskeli na mitungi, wakingoja gari la maziwa ambalo lilikuwa limechelewa kama kawaida. Alisimama juu ya jiwe akasema yote, toka salamu hadi amina. Wakampigia makofi. Mose, rafiki yake wa tangu utoto, alijifuta macho.

"Mogaka," Mose alisema, kwa jina la heshima wanaloitana wazee, "hapo umewamaliza. Bodi itakuomba msamaha wewe."

Osoro alirudi nyumbani na mtungi mtupu mkononi, akiupiga kwa vidole kama ngoma.

Mkewe Gesare alikuwa ameketi nje ya jikoni, kandokando ya tangi la maji, akichambua mboga ya chinsaga kwa chakula cha mchana. Osoro alimwambia apumzishe mikono kidogo asikilize. Gesare hakupumzisha mikono, lakini alisikiliza. Osoro alisimama mbele ya tangi, akakunja ngumi mbele ya mdomo kama mtu aliyeshika kipaza sauti, akaanza.

Alimsalimia mwenyekiti wa bodi. Alimsalimia mwalimu mkuu, akamfananisha na malkia Esta. Alisalimia wanabodi, walimu, wapishi, na mlinzi wa lango. Aliomba radhi kwa wale ambao hakuwataja. Alijitambulisha: Osoro, mwana wa fulani, mwenyekiti wa zamani wa josho la ng'ombe, mtu ambaye wengi wao walimwona akiwasindikiza wapendwa wao. Hapo alitulia, ili wakumbuke. Akasimulia jinsi Beverlyne alivyozaliwa siku ya mvua ya mawe iliyopiga chai ya watu wote, na kichekesho cha mkunga aliyekuja na mwavuli uliogeuka nje ndani. Kisha akaingia kwenye sifa. Beverlyne ni mtoto mpole. Ni mtoto wa kanisani. Hajawahi kugombana na mtu. Anawapenda walimu wake, anawapenda wenzake, na yeyote aliyekutana naye hawezi kumsahau. Alimaliza kwa kuwaombea wote neema na nguvu wakati huu mgumu.

Alishusha ngumi. "Eh?"

"Ni nzuri," Gesare alisema.

Osoro aliijua hiyo nzuri. Ndiyo nzuri ambayo mgeni huisema juu ya uji uliomwagiwa chumvi. Alimuuliza nzuri vipi. Gesare akasema nzuri tu. Akamuuliza sehemu gani. Gesare akaangalia mboga.

Alikuwa na sababu ya kuangalia mboga. Miaka ya nyuma, baba yake Gesare alipozikwa kule Nyamarambe, Osoro alisimama kuwasemea wakwe akasema hadi mvua ikawakuta watu mlimani, jeneza halijashushwa, na udongo mwekundu ukaanza kurudi kaburini wenyewe. Usiku ule Gesare alimwambia kwa upole kwamba alisema mno. Osoro hakujibu. Akakaa ndani ya nyumba ile hadi Sabato iliyofuata, akila, akilala, akiwajibu watoto tu. Gesare alijifunza. Tangu hapo hotuba zote zilikuwa nzuri.

"Sema," Osoro alisema. "Kesho si mazishi ya mtu. Kesho ni Bev."

Gesare aliweka mboga chini. Alijipangusa mikono kwenye leso, polepole, kama mtu anayejitayarisha kushika kitu cha moto.

"Haya. Umesema kesho si mazishi. Lakini Baba Bev, umemzika."

"Nimemzika nani?"

"Mtoto. Mpole, wa kanisani, hakugombana na mtu, yeyote aliyekutana naye hawezi kumsahau. Hayo ni maneno ya mtu aliye ndani ya sanduku. Yule msichana yuko hapo jikoni anapika ugali. Na amegombana na mtu, ndiyo maana tumeitwa. Nimengoja useme alifanya nini, hukusema. Nimengoja useme unataka bodi ifanye nini, hukusema. Nimesikia umekuwa mwenyekiti wa josho. Nimesikia habari ya mwavuli. Nikiwa mimi ndio bodi, nitakupigia makofi, halafu nitamfukuza mtoto wako."

Mwiko ulikuwa umeacha kugonga sufuria kule jikoni. Osoro aliona kwamba binti yake anasikia, na hilo lilimuuma kuliko maneno yenyewe. Alichukua kofia yake juu ya tangi akaondoka bila kula.

*

Mtu aliyeumia hukimbilia anakosifiwa. Osoro alimkuta Mose akikarabati ua wa boma lake, akamwomba amsikilize tena, kwa kuwa mara ya kwanza mitungi ya maziwa ilikuwa inagongana. Mose aliacha nyundo kwa furaha. Osoro akasema yote tena, na safari hii aliirefusha kidogo sehemu ya mkunga. Mose alicheka hadi akashika nguzo.

"Sasa niambie ukweli," Osoro alisema. "Ipo sehemu mbaya?"

"Iko wapi, bwana? Yote moto."

"Sehemu gani imekukaa zaidi?"

"Mwavuli."

"Na nimeomba nini?"

Mose alimtazama. "Umeomba nini wapi?"

"Kwenye hotuba. Kwa bodi. Nimeiomba ifanye nini?"

Mose alikuna shingo. Alikuwa mtu mwema na alitaka kujibu vizuri. Aliangalia ng'ombe wake kana kwamba mmoja wao alikuwa na jibu. "Si umewaomba... wawe na nguvu," alisema. "Wakati huu mgumu."

Osoro alikaa chini kwenye nyasi. Mose, akidhani amechoka, alimpa maziwa ya mgando, akampigapiga bega na kumhakikishia kwamba kule Sironga watalia. Osoro alikunywa maziwa yote. Rafiki yake alikuwa amemsikiliza mara mbili, kwa moyo wote, na hakuwa na kitu cha kumpa zaidi ya maziwa.

Njiani kurudi aliwaza wangapi walikuwa wamemsikiliza hivyo miaka yote hiyo.

*

Alikuta sahani yake imefunikwa. Alikula, akanawa, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti arudi: akamwita Beverlyne aketi, akamuuliza alifanya nini.

Alikuwa amemgombeza, hilo ndiyo. Alikuwa amemhutubia kuhusu jina la familia tangu Ijumaa jioni. Kuuliza hakuwa ameuliza. Beverlyne alimtazama mama yake kwanza, ahakikishe kwamba huu si mtego.

"Nilimwaga maharagwe, Tata," alisema, akimwita baba yake kwa Kigusii kama alivyomwita tangu mtoto.

"Yalianguka?"

"Sikuyaangusha. Niliyamwaga. Yalikuwa na wadudu. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza, anaitwa Lavender, aliinuka akamwonyesha mwalimu wa zamu. Mwalimu akamwambia hiyo ni protini, akae ale. Nikaenda pale na sahani yangu."

"Ukaimwaga sakafuni."

"Kwenye viatu vyake."

"Kwa bahati mbaya."

"Nililenga, Tata."

Gesare alifunika mdomo kwa leso. Osoro hakujua kama anacheka au anasikitika, na pengine Gesare naye hakujua. Katika hotuba yake yote, kutoka Esta hadi neema, hapakuwa na viatu.

Alimuuliza kama yeye mwenyewe ametayarisha la kusema. Alikuwa ametayarisha. Alikuwa katika kundi la mdahalo shuleni, na alisimama akasema kwa sauti iliyonyooka: haki za mtoto, katiba, haki ya chakula safi, wajibu wa serikali, vijana kama nguzo ya kesho. Alisema vizuri. Osoro aliona kwamba mkono wake wa kulia ulipanda na kushuka sawasawa na wake yeye, na hilo halikumfurahisha.

Alipomaliza, baba alikuwa na kidonda cha asubuhi bado kibichi, na akampa binti yake alichopewa, na nyongeza. Alimwambia anasema haraka. Alimwambia anaangalia juu kama anayetafuta popo. Maneno ni makubwa, sauti ni ya kugombana, mkono unakata hewa, serikali haiko kwenye hicho kikao, katiba hakuna atakayeifungua, na kile kichwa anavyokiinua kitamfanya afukuzwe kabla hajafika katikati. Aliendelea. Beverlyne alikuwa amesimama wima, kisha mabega yakashuka, kisha akaketi, macho kwenye vidole vya miguu.

"Umemaliza?" Gesare aliuliza.

"Namsaidia. Si wewe pia ulinisema?"

"Nilikusema. Lakini wewe umemmwagia debe zima. Kesho ni kesho. Katika hayo yote, achukue lipi?"

Osoro alifungua mdomo kutaja, akaona kwamba hawezi kuyakumbuka yote mwenyewe. Alitoka nje. Ng'ombe walikuwa wanangoja maji, akawapa maji. Alipomaliza alirudi akasimama mlangoni, maana kuketi kungemfanya aanze upya.

"Moja tu," alisema. "Anza na viatu. Yule mwalimu atakuwa amekaa pale. Ukianza na serikali atakungoja kwa hasira hadi mwisho. Hayo mengine niliyosema, acha."

Beverlyne alifikiri. Alikubali kwa kichwa, bila kuinua macho. Kisha akasema yeye pia ana moja, kama baba hatakasirika.

Osoro alisema hatakasirika, kwa sauti ya mtu aliyeanza kukasirika.

"Usiwachekeshe, Tata."

"Kwa nini? Watu wakicheka wanalainika."

"Siku ile bwalo lote lilicheka aliposema protini. Na wewe kwenye mazishi ukiwachekesha, wanamsamehe mtu kwa sababu amekufa na hatawasumbua tena. Mimi nataka kurudi. Nitakuwa pale kila siku, wananiona."

Gesare aliinuka akaenda kuwasha moto. Osoro alibaki mlangoni akijaribu kuipanga hotuba upya kichwani. Kila alipotoa kitu, aliona kwamba kilichobaki hakikupungukiwa. Alitoa josho. Alitoa Esta. Mwavuli aliushikilia hadi jioni, kisha nao akautoa.

*

Jumatatu walifika mapema na sanduku la Beverlyne, wakaandikishwa langoni, wakaambiwa wangoje kwenye benchi nje ya ofisi. Walingoja hadi jua likawafikia miguuni. Kupitia dirisha waliona bodi ikinywa chai na mayai ya kuchemsha. Mhudumu alipita mbele yao na birika, akarudi na birika, wala hakuwatazama. Beverlyne alikuwa amevaa sare, lakini mlinzi alikuwa amemwambia akae upande wa wazazi, kwa hiyo wasichana waliopita na vitabu walimtazama kama mgeni. Gesare alimwekea kola sawa mara mbili, ingawa ilikuwa sawa.

Walipoitwa ndani, viti vilikuwa vya bodi. Wao walipewa dawati la wanafunzi, la watu wawili, na Osoro akasimama. Mwenyekiti, mzee Nyamweya, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na bado alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kalamu. Karibu naye alikuwa mwalimu mkuu wa shule, Madam Abigael, mwanamke mwenye uso wa uchovu. Ukutani aliketi mwalimu wa zamu wa siku ile, mwanamke kijana aliyetoka mbali, upande wa Kitui. Kwa ajili yake kikao kilikuwa cha Kiswahili. Osoro alimtazama miguuni bila kutaka. Mwalimu alivaa ndara safi za mpira.

Mwanabodi mmoja alimtambua Osoro, akamgusa mwenzake. Akasema huyu ndiye yule wa matanga, aliyesema siku walipomzika shemeji yake yeye mwanabodi. Leo, alisema, hatutalala usingizi. Wakacheka kwa wema. Hata mwenyekiti alitabasamu, akaegemea nyuma ya kiti, akaweka kalamu chini kama mtu anayengoja kuburudishwa.

Osoro alisikia mwili wake ukiamka. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe. Aliwaona wameshalainika, amewashika tayari kabla hajasema neno. Mwavuli ulikuwa pale mdomoni, na alijua hasa wangecheka wapi.

"Mwenyekiti, mwalimu mkuu, wanabodi, walimu wetu," alianza, na sauti ilikuwa ile ya matanga, nzito na tamu. Akaisikia. Akanyamaza. Alishusha mkono, na kwa kuwa hakujua pa kuuweka, akaushika kwa mkono wa pili nyuma ya mgongo.

"Mimi ni Osoro, baba yake Beverlyne," alisema, na sauti hii ilikuwa ndogo. "Binti yangu alimwaga chakula. Hakuteleza. Alilenga viatu vya mwalimu, ameniambia mwenyewe. Hilo ni kosa, nyumbani tumelikubali. Kwa nini alifanya hivyo, mimi sikuwepo, atasema yeye. Ninaomba jambo moja. Mpeni adhabu, lakini mpeni adhabu akiwa hapa ndani, kwa sababu mtihani wake uko hapa."

Wakangoja. Mwanabodi aliyemtambua alikuwa bado ana tabasamu lililosahauliwa usoni.

"Umemaliza?" mwenyekiti aliuliza.

"Nimemaliza."

Hapakuwa na makofi, wala mtu wa kusema amina. Osoro hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu katika ukimya wa namna ile. Alikuwa na hakika kwamba ameharibu. Mwenyekiti alimgeukia Gesare, na Gesare akasema mumewe amesema alichotaka yeye kusema, hana la kuongeza. Kisha akaitwa Beverlyne.

Msichana aliinuka. Hakuitazama bodi. Aligeuka upande wa ukuta.

"Madam, nianze na viatu. Nilivilenga. Naomba msamaha kwa hilo. Sikuomba siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira."

Mwalimu alirudisha miguu chini ya kiti.

Beverlyne aligeukia meza. Alieleza juu ya Lavender na wadudu, na jinsi alivyoambiwa ni protini. Hakusema haraka, na katiba hakuitaja. Osoro alikuwa amekwisha kuyasikia hayo, akaanza kupumua. Lakini binti aliendelea na jambo ambalo nyumbani hakulisema.

"Bwalo lilicheka. Mimi pia nilicheka. Mimi ni kapteni wa bwalo, na nilicheka. Halafu nikamwona Lavender anakula, na anatuangalia sisi tunaocheka. Hapo ndipo niliposimama. Nafikiri nilijikasirikia mimi kwanza."

Madam Abigael aliinua uso.

Mwenyekiti aligonga kalamu. "Na uliwaambia wenzako wamwage?"

"Hapana, mwalimu. Lakini nilijua wakiniona watamwaga."

Gesare alifumba macho. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo, na kama angewauliza nyumbani, wote wawili wangemkataza. Mwenyekiti aliandika. Alimwuliza kama anajua alichosema sasa hivi, na Beverlyne akasema anajua. Mwenyekiti akaongeza kwamba habari za chakula hazikuwa kwenye ajenda ya leo. Wakaambiwa watoke.

Kwenye benchi, Osoro hakuweza kukaa. Gesare na Beverlyne walikaa mkono kwa mkono. Nyuma ya jiko la shule wapishi wawili walikuwa wamekaa juani na nyungo, wanapepeta maharagwe, na wasichana waliokwenda chooni walikuwa wakipunguza mwendo kutazama. Hakuna mtu aliyetaja jambo hilo. Ndani, sauti zilipanda zikashuka. Mara moja walisikia wazi sauti ya Madam Abigael ikisema kwamba mwenye kuchochea hakiri kuchochea, na mtu akamjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha yeye.

Waliitwa tena. Mwenyekiti alisoma bila kuwatazama. Msichana atarudi darasani leo. Hatakuwa kapteni tena. Ataosha bwalo kila jioni hadi shule zifungwe. Ataomba msamaha kwa mwalimu mbele ya shule nzima kesho asubuhi, na mzazi akisikia tena jina lake kwenye jambo la namna hii asipoteze nauli kuja kumtetea. Beverlyne alisema asante. Kwenye neno kapteni kidevu chake kilitetemeka kidogo, kisha kikatulia. Mwalimu wa Kitui alikuwa wa kwanza kutoka. Akipita karibu na Beverlyne alimwambia, bila kusimama, kwamba somo la kemia linaanza sasa hivi na kalamu achukue kwa mwenzake.

Beverlyne alimkumbatia mama yake. Kwa baba alisita, maana nyumbani kwao baba na binti mkubwa hawakumbatiani. Akampa mkono. Osoro aliushika kwa mikono yote miwili, kama anavyowashika wafiwa, akatambua, akauachia mmoja.

Walikuwa wamefika kwenye maua ya langoni mzee Nyamweya alipowafikia, akitweta, koti begani. Alitaka kumsalimia Osoro vizuri, sasa kikao kimekwisha. Alisema alimsikia mwaka juzi kwenye mazishi ya mwalimu mwenzake, na tangu siku ile amekuwa akiwasimulia watu.

"Lakini leo, ndugu yangu, nisikufiche," alisema. "Leo hukusema vizuri. Hata salamu hukukamilisha. Ulikuwa kama mtu mwenye homa. Tulikuwa tumekaa vizuri kabisa kukusikiliza, ukatuacha hewani."

Gesare alimtazama mumewe. Aliujua uso ule, alijua unavyojifunga. Osoro alivuta pumzi ndefu, na kwa muda ilionekana kana kwamba salamu zote alizoziacha zingetoka pale pale langoni, na mwavuli juu yake.

"Nimekusikia, mzee," alisema.

Nyamweya alingoja zaidi. Hakuna zaidi iliyokuja. Akampigapiga mkono, akamwambia atajirekebisha tu, akaenda zake.

Kule ng'ambo ya uwanja Beverlyne alikuwa amefika kwenye mlango wa darasa. Alisimama kizingitini, sanduku mkononi, na kutoka pale walipokuwa wazazi waliona vichwa vyote vikigeuka. Mtu ndani alisema kitu. Akaingia, na kiti kikakwaruza sakafu, na baada ya kidogo sauti ya yule mwalimu wa Kitui ikaendelea, ya kawaida, isiyo na haraka, ikiwaambia wafungue ukurasa unaofuata.